Tiba ya gharama kubwa: nani apate, nani asubiri?

(Mada iliyotolewa na mjumbe wa Kamati ya Fedha kwenye mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya Mfuko wa Matibabu)



Kamati iliponiomba nizungumze kuhusu afya nilidhani wamekosea namba. Madaktari tunao humu ndani, wauguzi tunao, hata mfamasia yuko pale nyuma anacheka. Mimi ni mhasibu. Katibu akanijibu kwamba madaktari watatueleza ugonjwa, na mimi nieleze bili. Basi nimekuja na bili, na kwa sehemu kubwa nitazungumza kama mtu anayefungua daftari la hesabu mbele ya wenye fedha zao.

Nianze na yaliyo mazuri, kwa sababu yapo na tusiyanyime haki yake. Wengi wetu tunakumbuka wakati ambapo mtu wa kwetu akiambiwa figo zimekufa au moyo una tundu, maneno mawili yalifuata: India, au nyumbani kusubiri. Leo hali ni nyingine. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianza kujitegemea mwaka 2015 na inafungua vifua vya watoto wetu hapa hapa Upanga. Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, wakisaidiwa na wataalamu kutoka India. Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma ikafuata mwaka 2018. Mwaka 2021 Muhimbili wakaanza kupandikiza uloto, na mwaka 2023 Benjamin Mkapa wakaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Karibu zaidi na kwetu, Bugando wanasafisha damu, wanatoa mionzi kwa wagonjwa wa saratani na wanapasua moyo. Mtoto wa Bukindo anaweza kupata tiba ambayo baba yake aliisikia redioni tu.

Neno langu liko kwenye hilo "anaweza".

Chukueni usafishaji wa damu kwa mgonjwa wa figo. Anahitaji kulala kwenye mashine mara tatu kwa wiki, kila mara takriban saa nne. Bei hutofautiana kati ya hospitali na hospitali na imekuwa ikibadilika, kwa hiyo nitatumia shilingi 200,000 kwa kila mara ili hesabu iwe nyepesi. Wiki 52 mara tatu ni mara 156. Zidisha: shilingi milioni 31 na laki mbili kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa Serikali, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani milioni sita kwa mwaka. Mtumishi huyo asile, asilipe kodi ya nyumba, asisomeshe, bado atahitaji zaidi ya miaka mitano ya mshahara kulipia mwaka mmoja wa mashine. Na huyo ni mwenye mshahara. Mvuvi wa dagaa wa Ukara hamo kwenye hesabu hii kabisa.

Mtasema kuna bima. Ipo, na tuiangalie. Mwenye bima ya mwajiri anasafishwa damu bila kuuza kiwanja. Lakini wengi wa watu wetu kule nyumbani wakiwa na kadi basi imekuwa ni ile ya CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ni kadi nzuri kwa bei yake, na nitairudia. Ila kwa utaratibu tuliouzoea inaanzia zahanati na kuishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Maana yake inamfikisha mgonjwa Sekou Toure. Bugando ni mwendo mfupi kutoka pale, unapanda mlima tu, lakini kwa kadi ile ni kama nchi nyingine. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mpangilio wa kadi unabadilika kwa hatua kuifuata. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Lakini mgonjwa wa leo anatibiwa kwa kadi ya leo.

Sasa niseme juu ya sikoseli, au selimundu kama wanavyoandika wizarani, kwa sababu hili ni la kwetu kuliko magonjwa mengi. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi. Sihitaji takwimu kuwashawishi. Kila mmoja humu anamjua mtoto aliyekuwa analia viungo usiku, macho ya njano, na watu wakasema karogwa.

Dunia imepata tiba mpya ya ugonjwa huu. Wanachukua chembe za damu za mgonjwa mwenyewe, wanarekebisha maandishi ya kurithi yaliyomo ndani yake, kisha wanamrudishia. Inaitwa tiba ya jeni. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni shilingi bilioni tano na nusu. Hata Uingereza, nchi ambayo raia wake hatoi hela mlangoni mwa hospitali, ilibidi wakae chini na kampuni, wapunguziwe bei kwa mkataba wa siri, ndipo Januari 2025 wakakubali kuitoa kwa wagonjwa wapatao 50 kwa mwaka. Huko Marekani, mpango wa Serikali kwa watu wa kipato cha chini umeingia mikataba ambayo malipo yanategemea kama tiba imefanya kazi. Mhasibu anaupenda sana mkataba wa namna hiyo. Laiti mafundi wetu wa magari wangekubali.

Karibu robo tatu ya watoto wanaozaliwa na sikoseli duniani wanazaliwa Afrika kusini mwa Sahara. Tiba imetokea kule ambako wagonjwa ni wachache. Baadhi yetu tunaposikia hivyo tunakata tamaa na kusema hiyo si ya kwetu. Mimi nakataa, na nina sababu. Mwaka 2000 dawa za kupunguza makali ya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, na wakubwa wa dunia walikuwa wanasema waziwazi kwamba Mwafrika hawezi kutibiwa kwa dawa hizo. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikasema itaziuza kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika yanayotoa dawa bure. Mwaka 2004 Tanzania ikaanza kuwapa wagonjwa wake bila malipo. Wapo watu wa visiwa vyetu wanaoishi leo kwa sababu ya bei ile kushuka, na ilishuka kwa sababu watu walidai, walishitaki, walitengeneza mbadala, na fedha za pamoja zikapatikana. Tiba ya jeni ni kazi ngumu zaidi kuliko kidonge, inataka maabara na wodi maalumu, kwa hiyo sidanganyi kwamba itafika Nansio baada ya miaka minne. Nasema tu bei hupangwa na watu, na watu huweza kuipanga upya.

Turudi kwenye kilichopo nchini. Kupandikiza uloto kwa mtoto mwenye sikoseli kule Dodoma ni makumi ya mamilioni ya shilingi. Ni nafuu mno kuliko kumpeleka nje, na Serikali imekuwa ikibeba gharama za baadhi ya watoto. Lakini kabla ya fedha lipo sharti la mwili: anatakiwa ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambaye vipimo vyake vinaoana na vya mgonjwa, na kwa kila ndugu uwezekano ni mmoja kati ya minne. Kuna familia zitapata fedha zote na zitakosa mchangiaji. Kuna familia zitapata mchangiaji na hazitajua kwamba huduma ipo, kwa sababu mtoto hajawahi hata kupimwa.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, wazee wangu, kwa sababu linatuhusu sisi wenyewe na si Serikali peke yake.

Mwaka uliopita kwenye kundi letu la WhatsApp yalitumwa maombi mawili ndani ya mwezi mmoja. Sitataja majina wala vijiji. Mtoto wa kwanza ana mjomba anayefahamika hapa mjini, mtu wa watu. Picha ikawekwa, ujumbe ukaandikwa vizuri, namba ya kutuma ikatolewa, na ndani ya wiki moja kiasi kilichohitajika kilitimia na kuzidi. Nilifurahi, na nilichangia. Mtoto wa pili ombi lake lilitumwa na mwalimu wa shule, kwa sababu mama yake hana simu ya kupiga picha. Lilikuja usiku, kesho yake pakatokea msiba wa mzee wetu, rambirambi zikaanza kuorodheshwa, na ombi likapanda juu ya skrini likapotea. Ugonjwa ni ule ule. Kiasi alichohitaji yule wa pili kilikuwa kidogo kuliko ziada ya yule wa kwanza.

Hakuna mtu aliyefanya ubaya. Kila aliyetoa alitoa kwa moyo. Lakini tukijumlisha mioyo yetu yote mizuri, tulichopata ni mgawanyo uliofuata ukubwa wa mjomba. Tunapoilaumu hospitali kwamba anayejulikana ndiye anayehudumiwa, tuliangalie kundi letu pia.

Ndiyo maana Kamati inaleta mbele yenu pendekezo la kugeuza michango hii ya dharura kuwa mfuko wenye kanuni zilizoandikwa kabla ya mgonjwa hajajulikana. Naomba nilieleze kwa hesabu.

Tuseme wanachama 300 tunatoa shilingi 10,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni milioni 36. Fedha hiyo inaweza kumsafisha damu mgonjwa mmoja kwa miezi kumi na tatu hivi. Au inaweza kuwa sehemu ya gharama ya upandikizaji wa mtoto mmoja. Au, kwa kadi za kaya za 30,000, inaweza kulipia kaya 1,200, ambazo zikiwa na watu sita sita ni watu 7,200 wenye uhakika wa kuingia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya mwaka mzima. Milioni ni zile zile 36.

Mwenzetu mmoja kwenye Kamati alinipinga kwa maneno ambayo sijapata jibu lake kamili hadi leo. Alisema: kaya 1,200 hazina uso, ila mtoto ana uso, na huwezi kumwambia mama aliyembeba asubiri kwa sababu ya hesabu yako. Ni kweli. Mama huyo akija mbele yangu sitamwonyesha jedwali. Lakini wapo akina mama wengine ambao hawatafika mbele yangu, kwa sababu mtoto wao wa miaka miwili atapata homa, hawatakuwa na kadi, watachelewa siku tatu, na hapatakuwa na ombi la kutuma kwenye kundi. Bila huduma za mwanzo watoto wengi wenye sikoseli barani kwetu hufa kabla ya kufikisha miaka mitano, na wengi wao bila jina la ugonjwa. Kinachowaokoa hao ni vitu vya bei ndogo: kupimwa tone la damu mapema, penisilini ya kila siku utotoni, foliki asidi, kukingwa na malaria, na dawa ya haidroksiyurea chini ya uangalizi wa kliniki. Dawa hii ya mwisho ilifanyiwa utafiti kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha imepunguza maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Hao ni watoto wa mazingira kama yetu, na wawili kati ya mataifa hayo tunapakana nayo ziwani.

Basi pendekezo ni hili. Sehemu kubwa ya mfuko iende kwenye kadi za kaya zenye mtoto au mzee mwenye ugonjwa wa kudumu, na kwenye vipimo na dawa za kliniki ya sikoseli. Orodha iletwe na zahanati pamoja na serikali ya kijiji, isitoke kwenye simu zetu. Mpangilio wa kadi ukibadilika kwa sheria mpya, tutalipa kwa utaratibu utakaokuwepo siku hiyo.

Sehemu ndogo iende mahali ambapo hata Serikali ikimlipia mgonjwa, bado anakwama. Hapo ndipo watu wa kisiwani tunapoumia kuliko wengine. Mtu wa Bwisya avuke hadi Bugolora, afike Nansio, apande meli saa tatu hivi hadi Mwanza, kisha basi hadi Dodoma, akiwa na mtoto mgonjwa na ndugu wa kuchangia uloto. Akifika atakaa wiki nyingi, maana baada ya kupandikizwa mtoto haruhusiwi kuondoka jirani na hospitali. Nani analipa chumba? Nani analipa chakula cha mama? Nani anabaki na watoto wengine Ukara? Tiba imelipiwa mamilioni na inakwama kwa nauli. Mfuko wetu ulipe nauli, chumba, na vipimo vya ndugu vya kuangalia kama vinaoana. Vivyo hivyo mgonjwa wa figo mwenye bima ambaye lazima ahamie Mwanza ili awe karibu na mashine.

Na sasa lile gumu, ambalo afadhali mlisikie kwangu leo kuliko kulikuta kwenye barua. Chini ya kanuni hizi mfuko hautanunua upandikizaji, na hautaanza kulipia usafishaji wa damu wa mtu yeyote. Usafishaji wa damu ni deni linalorudi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila kukoma. Tukimlipia mtu miezi mitatu kisha fedha zikaisha, tutakuwa tumemweka juu ya daraja tuliloliishia katikati ya maji. Hii ina maana kuna familia, pengine ya mtu aliyeketi humu, itakayoomba na kujibiwa hapana. Anayetaka kumchangia ndugu yake nje ya mfuko hakatazwi. Familia hizo zitasaidiwa kuandika maombi ya msamaha kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kwa sababu msamaha upo kisheria na wengi wetu hatujui hata mlango wake. Baadhi watapata. Wengine hawatapata.

Kanuni nyingine ni za kutulinda dhidi yetu wenyewe. Maombi yatasomwa kwa namba, jina likiwa limefunikwa. Mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha atatoka nje ya chumba, hata akiwa Mwenyekiti, samahani Mheshimiwa. Na kila mwaka kijarida hiki kitachapisha maombi mangapi yalipokelewa, mangapi yalikubaliwa, mangapi yalikataliwa na kwa sababu gani. Hospitali zetu za umma tungependa zifanye hivyo hivyo: waseme wazi watoto wanachaguliwaje kwa zile nafasi zinazolipiwa na Serikali, foleni ina watu wangapi, na mtoto wa Ukara yuko nafasi ya ngapi. Naomba mkutano huu umwandikie Mbunge wetu aliulize hilo bungeni. Tukiwa tumechapisha la kwetu, tutauliza tukiwa na uso mkavu.

Wapo watakaosema hatujazoea kutoa bila kujua tunampa nani. Mimi nadhani tumezoea. MV Nyerere ilipozama tarehe 20 Septemba 2018, tukapoteza zaidi ya watu 200 hatua chache kutoka gati ya Ukara, Watanzania wa kila mkoa walichanga bila kumjua hata marehemu mmoja. Familia zilipewa mkono wa pole, na fedha iliyobaki ikaelekezwa kupanua Kituo cha Afya cha Bwisya. Mama anayejifungulia pale leo hakuwa na jina kwenye orodha yoyote siku ile.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, pamoja na rasimu ya kanuni, kurasa nne. Isomeni kabla ya kupiga kura mchana. Kifungu cha saba ndicho kitakachowaudhi. Malipo yote yapitie akaunti ya Umoja, kila mtu adai stakabadhi, na mtu yeyote asipokee fedha taslimu kwa niaba ya mfuko, hata mimi. Wanaotaka kuchangia damu, watoto wa sikoseli wanaihitaji kila wiki, na jina linaandikwa meza ile ile. Na mwenye mtoto au mdogo wake anayelalamika viungo asiondoke kabla ya kuzungumza na daktari wetu aliyekaa karibu na mlango. Amekubali kubaki hadi saa kumi na moja jioni.